Ndiyo, nilimwamkia koyote

Najua mmeshaisikia. Ile voisi yangu ya dakika moja na sekunde 47, ya siku nilipokutana na koyote kichochoroni, imeshafika Dallas, imefika Columbus, na jana shemeji yangu kanitumia kutoka Maskati akiuliza kama nimeshaitikiwa. Kwa hiyo leo naeleza mwenyewe. Aliyeisambaza ni Msukuma na mimi ni Mzaramo, na mtani wa namna hiyo hashtakiwi popote. Ila pale juu kaandika "kakimbizwa na mbwa". Si mbwa. Naomba hilo lisahihishwe kwanza, halafu mcheke.

Ni koyote. Kwa mlioko nyumbani: ni ndugu yake mbweha na mbwa mwitu, kilo 15 hivi, manyoya ya kijivu yenye wekundu, miguu mirefu, uso wa mtu anayekudai. Huku Chicago wapo kibao. Wanalala makaburini, kando ya reli, kwenye viwanja vya gofu, wanakula panya na sungura. Mwaka 2007 mmoja aliingia mchana kweupe kwenye duka la sandwichi katikati ya jiji, akawapita wateja, akaenda kujilaza ndani ya jokofu la vinywaji. Picha zipo, msinibishie. Kuna watafiti hapa Kaunti ya Cook wanawavalisha kola za redio tangu mwaka 2000 ili wajue wanaishije mjini. Wanaishi vizuri kuliko mimi. Kodi ya nyumba hawalipi.

Haya yote alinifundisha bibi mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Poland, mimi nimepanga chumba cha chini. Wiki iliyopita alisafiri siku tatu, akaniachia kijibwa chake. Kinaitwa Hercules. Hercules ana kilo mbili na nusu akiwa ameshiba na amevaa sweta.

Kabla ya kuondoka akanikalisha jikoni kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Usimfungue kamba. Ukimwona koyote, mnyanyue mbwa. Usikimbie, usimpe mgongo. Jikuze, inua mikono, piga kelele, mpaka yeye ndiye aondoke. Na Februari hii uwe makini zaidi, ndio msimu wao wa kutafuta wachumba, hawataki kuona mbwa wa mtu kwenye eneo lao. Akanikabidhi kopo la soda lenye senti ndani, mdomo umezibwa kwa selotepu, la kutikisa.

Nikacheka. Nikamwambia, bibi, mimi nimetoka Tanzania.

Hapo inabidi niwaambie ukweli ambao yeye haujui. Siku ya kwanza nilipohamia aliniuliza kama nimewahi kuona simba. Sikusema uongo, nilitikisa tu kichwa taratibu na kuangalia dirishani, kama mtu aliyepoteza ndugu. Akaamini mengine mwenyewe. Jamani, mimi ni mtoto wa Mbagala. Simba niliyemzoea ni yule wa noti ya elfu mbili, na hata huyo alikuwa hakai kwangu. Mnyama mkali niliyepambana naye ni kunguru, na alichukua ile sambusa.

Basi. Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni, giza limeshaanza, baridi ile ya kufanya pua ikusahau. Tumeshazunguka, tunarudi kwa kichochoro cha nyuma, kile cha mapipa ya taka. Upande mmoja magereji, mbele kabisa uzio wa makaburi. Kamba ya Hercules mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, nimeifunga voisi ijirekodi yenyewe, namsimulia mtani jinsi watu wa huku walivyo waoga wa wanyama. Kopo la senti liko mezani jikoni. Neno langu la mwisho la kiume mtalikuta sekunde ya 31: "Yaani hawa wanaogopa hata..."

Hercules akasimama.

Hercules hubwekea mifuko ya plastiki. Hubwekea kivuli chake. Sasa kanyamaza kimya, mguu mmoja wa mbele ameuinua, sweta linatetemeka. Nikainua macho. Kando ya pipa la tatu, hatua kama kumi kutoka tulipo, kuna mbwa koko.

Nilidhani mbwa koko, na mbwa koko mimi ninamjua. Mnajua dawa yake: unainama kama unaokota jiwe. Hata jiwe lisiwepo. Mbwa wa Mbagala ukiinama tu, hata kama unafunga kamba za viatu, yeye keshafika Kongowe. Nikainama, kwa madaha kabisa, mkono ukazama kwenye theluji.

Akaniangalia.

Sasa turudi kidogo. Bibi alisema nijikuze. Mwenzenu nilikuwa nimejikunja nikawa saizi ya ndoo. Kwa hesabu za koyote, lile jitu refu limetoweka ghafla na mahali pake pamebaki kijibwa na ndoo.

Jiwe sikupata. Nikakusanya theluji nimrushie. Kumbe baridi ikizidi theluji haishikani, ni unga mtupu kama sembe. Nikairusha kwa nguvu zangu zote, upepo ukairudisha yote, ikaniingia machoni, puani, na kwenye mdomo niliokuwa nimeufungua ili nimtishe. Ile sauti ya sekunde ya 44 ambayo watu wanasema ni mbuzi, ni mimi nikikohoa theluji.

Nilipofuta macho alikuwa amesogea. Hakukimbia. Alikuwa anakuja polepole, kichwa chini, hatua za mtu anayekwenda kaunta na hela yake mkononi.

Nikamnyakua Hercules, nikamsokomeza ndani ya koti, nikavuta zipu. Zipu ikala skafu. Kichwa cha Hercules kikabaki nje, chini ya kidevu changu, kwa hiyo sasa nilikuwa binadamu mwenye vichwa viwili na vyote vinalia. Nikafanya jambo moja tu ambalo nilikuwa nimekatazwa mara mbili. Nikampa mgongo nikakimbia.

Nilipiga hatua tatu, labda na nusu. Chini ya ile theluji kulikuwa na barafu. Niliona kwanza viatu vyangu mwenyewe, viko juu, nikajiuliza vimefikaje pale. Kisha nikaona mbingu. Nikatua kwa makalio, Hercules kifuani, mguu mmoja chini ya pipa la taka. Simu iko mkononi bado inarekodi.

Koyote akafika. Akasimama hatua tano kutoka kwenye miguu yangu. Halafu, wadau, akaketi. Akakaa kitako kabisa, mkia akauzungusha vizuri, akanitazama usoni.

Mtakuta kimya cha sekunde tisa. Kuna anayelia kwa sauti nyembamba. Wengi mmesema ni Hercules. Tuache iwe Hercules.

Na hapo ndipo ikanitoka. Sikuipanga. Tangu utotoni, ukikutwa umekaa chini na umefanya kosa, na aliyekukuta amesimama anakuangalia bila kusema kitu, mdomo unajua wenyewe la kusema. Nikasema, kwa sauti safi, kwa adabu zote:

"Shikamoo."

Hakuitika. Nikadhani hajasikia.

"Shikamoo, mzee."

Aliyeniokoa ni mtoto wa kike, miaka minane au tisa, kofia nyekundu, alikuwa akipita na mama yake. Akapiga makofi mara mbili, akainua mikono juu, akapaza sauti: "Toka hapa!" Basi. Koyote akanyanyuka kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaelekea kwenye uzio, akapenya, akapotelea makaburini bila hata kugeuka. Mtoto akanisogelea, akanieleza kwa upole kwamba ukimwona koyote hutakiwi kulala.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilitaka kuifuta ile voisi, kidole kilichoganda kikagusa kishale cha kutuma, na mtani alikuwa hewani. Suruali haifai tena. Hercules mzima, ila haniangalii. Bibi amerudi, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu afya yangu: aliuliza kwa nini nyuma ya gereji kuna mifupa ya kuku.

Hapo nikanyamaza. Nyumbani mifupa unatupa nje, mbwa wa mtaa wanamaliza, asubuhi pasafi. Tangu Krismasi nimekuwa nikila kuku wangu na kutupa palepale, na kila asubuhi pasafi, nikajisifu moyoni kwamba mtaa huu una mbwa waungwana. Bibi akanieleza kwa sauti ile ya darasani kwamba koyote huogopa watu mpaka mtu atakapomlisha. Kwa hiyo yule mzee hakuja kunila. Alikuwa ameona mama ntilie wake kainama, akajua leo anapakuliwa mapema. Mwenzake ndiyo kwanza anamrushia theluji.

Kopo la senti sasa natembea nalo hadi kazini. Jana nimempigia mama Mbagala, na sikumwambia lolote. Nikasema, "Shikamoo mama." Kimya. Nikasema tena, "Mama, shikamoo." Halafu nikasikia dada zangu wote wanne, walioweka simu kwenye spika, wakibweka.