Skrini nyeusi baada ya nywila

Nimechoka na skrini nyeusi. Unaandika jina, unaandika nywila, kompyuta ya mbali inakubali, halafu unabaki na giza na kishale cha mausi katikati. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna hata neno moja la kukuonyesha pa kuanzia.

Mara nyingi sababu ni ndogo tu: mtumiaji yuleyule hakutoka kwenye mashine ya Linux iliyoko ofisini, na xrdp, programu inayokuwezesha kuitumia mashine hiyo ukiwa mbali, inashindwa kumfungulia dawati (desktop) la pili. Kwa nini isiseme hivyo? Sentensi moja ingeniokolea usiku mzima.

Ukihamia VNC, njia nyingine ya kuona na kutumia skrini ya kompyuta ya mbali, unakutana na namba za milango ya mtandao (port). Skrini ya 1 iko mlango 5901, ya 2 iko 5902, na mara nyingi mawasiliano yenyewe hayajafichwa, kwa hiyo inabidi uyapitishe ndani ya SSH, muunganisho unaoficha data kwa kuisimba. Hilo nalikubali, usalama ni usalama.

Kinachoniuma zaidi ni X yenyewe, mfumo wa kuchora madirisha kwenye Linux. Toleo lake la X11 lilitoka mwaka 1987, na X ilibuniwa makusudi ili programu iendeshwe kwenye mashine moja na dirisha lake lionekane kwenye nyingine. Ofisini, kwenye mtandao wa ndani, inakwenda vizuri. Ukiwa nyumbani kwa bando la simu, kila menyu inatuma ombi na kusubiri jibu, inatuma tena na kusubiri tena, mpaka kubofya kitufe kimoja kunakula sekunde kadhaa. Bando linakata, ripoti haijaguswa, na mkuu wa kitengo anapiga simu mara ya tatu.