Ngamia au amari kwenye tundu ya sindano?

Wapo wahubiri ambao wakifika kwenye Mathayo 19:24 husita. Yesu anasema ni rahisi zaidi ngamia kupenya tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Wao hutuambia kwamba hakutaja mnyama, alitaja kamba.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kwa Kigiriki ngamia ni kamelos, na kamilos ni kamba nene ya merikebu, ile ambayo mabaharia wetu wa pwani huiita amari. Irabu zinazoyatofautisha maneno hayo zilikuja kutamkwa sawa, kwa hiyo mnakili aliyekuwa akisomewa angeweza kuandika moja badala ya jingine. Cyril wa Aleksandria, askofu wa karne ya 5, aliipendelea kamba. Na picha yenyewe inaingia akilini: sindano hutungwa uzi, na amari ni uzi uliozidi kipimo.

Waislamu nao wanalijua suala hili. Aya ya 40 ya Sura Al-A'raf inasema wanaozikadhibisha ishara za Mwenyezi Mungu na kuzifanyia kiburi hawataingia Peponi mpaka jamal, yaani ngamia, apenye tundu ya sindano. Kisomo kilichoenea ni hicho. Lakini imepokewa kwa Ibn Abbas, binamu wa Mtume Muhammad, kisomo cha jummal, kamba nene ya jahazi. Lugha mbili, vitabu viwili, na utata ni ule ule. Hilo limenifikirisha kwa muda mrefu.

Hata hivyo nasimama na ngamia. Hati kongwe za Injili zina kamelos, na kamilos huonekana katika nakala chache za baadaye. Mnakili akikutana na neno linalomshangaza huelekea kulilainisha. Ni vigumu kuelewa kwa nini aiache kamba inayoeleweka aandike mnyama mwenye nundu. Tena, Talmudi ya wanazuoni wa Kiyahudi wa Babeli inamtaja tembo apitaye tundu ya sindano kama mfano wa jambo lisilowezekana. Hapo hakuna kamba ya kuchanganya na jina la tembo. Ni desturi ile ile ya kusema: chukua mnyama mkubwa kuliko wote unaowajua, umweke mbele ya tundu ndogo kuliko zote. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 23:24, anawakemea wanaochuja mbu na kumeza ngamia, na sijasikia mtu akidai kwamba walimeza kamba.

Kuna na wanaosema Tundu ya Sindano lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ngamia akilipita kwa kupiga magoti. Lango hilo halina ushahidi wa kale. Wanafunzi waliposikia maneno yale walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Lango la kupita kwa kuinama lisingewashtua hivyo.

Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, imepokewa kwamba aliulizwa jamal ni nini, akajibu: mume wa ngamia jike. Kwa Kiarabu jibu hilo ni maneno mawili tu, kwa kuwa jike ana jina lake, naqa. Kwa Kiswahili wote wawili ni ngamia, kwa hiyo msomaji wetu hawezi kujua kutokana na neno hilo peke yake kwamba aya inamzungumzia dume.