F-35: Ndege iliyonunuliwa kabla ya kujaribiwa

Kila video ya F-35, ndege ya kivita ya Kimarekani, iliyoanguka inapozunguka kwenye simu, mabaraza ya Mji Mkongwe hugawika. Wapo wanaosema Mmarekani amemwaga fedha zake kwa ndege mbovu. Wapo wanaojibu kwamba ingekuwa mbovu, nchi tajiri zisingepanga foleni kuinunua, na kwamba hayo mengine ni husuda. Pale Jaws Corner hoja hii huweza kumaliza birika zima la kahawa bila ya mtu kushindwa, kwa sababu kila upande una ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa kweli. Kinachosahauliwa ni tarehe: lipi lilitangulia, kununua au kujaribu.

Kampuni ya Lockheed Martin ilishinda zabuni ya kuiunda dhidi ya Boeing tarehe 26 Oktoba 2001. Umbo lilikuwa moja kwa aina tatu: A ya viwanja vya kawaida, B inayopaa kwa njia fupi na kutua wima, na C ya manowari za kubebea ndege. Makisio ya mwanzo yalikuwa dola bilioni 233 kwa ndege 2,866. Ilipofika 2012 hesabu ilikuwa karibu bilioni 396 kwa ndege 2,457. Ndege zimepungua mia nne na ushei, fedha zimeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 15 Disemba 2006. Mwaka uliofuata tu Marekani ikaagiza fungu la kwanza kutoka kiwandani. Majaribio ya angani ya hatua ya uundaji hayakumalizika mpaka Aprili 2018. Kwa miaka kumi na moja, basi, kiwanda kilikuwa kikiunda ndege za kukabidhiwa majeshi huku marubani wa majaribio wakiendelea kugundua kasoro kwenye ndege hizo hizo.

Waliopanga hivyo walikuwa na sababu zao, na hazikuwa za kipuuzi. Ndege za zamani zilikuwa zinachakaa, na kiwanda kikisimama kusubiri majaribio, mafundi hutawanyika na gharama ya kila ndege hupanda. Zaidi ya hayo, waliamini kwamba kompyuta sasa zinaweza kukokotoa tabia ya ndege kwa usahihi kiasi kwamba kuruka kungekuwa kuthibitisha tu yaliyokwisha kujulikana. Imani hiyo ndiyo iliyowagharimu.

Chukua kulabu ya F-35C. Ndege inayotua juu ya manowari haina masafa ya kufunga breki. Hushusha kulabu nyuma, kulabu hunasa waya mnene uliotandazwa juu ya sitaha, na waya huisimamisha. Ili isionekane kwenye rada, kulabu ya F-35C ilifichwa tumboni, nyuma ya vifuniko. Kwa kufichwa huko ikawa karibu mno na magurudumu makuu: mita mbili na kidogo tu. Gurudumu likipita juu ya waya huugandamiza chini, na waya huhitaji muda mdogo kuinuka tena. Kwenye ndege za zamani muda huo ulikuwapo, kwa sababu kulabu ilikuwa mbali nyuma. Hapa kulabu ilifika waya ukiwa bado umelala, na ncha yake butu ikapita juu. Mwaka 2011 walijaribu mara nane kwenye uwanja wa Lakehurst, New Jersey, na mara zote nane haikunasa. Hesabu ya kompyuta kuhusu mwendo wa waya haikuwa sahihi.

Dawa yake ilikuwa kuchonga upya ncha ya kulabu iweze kuingia chini ya waya, na kurekebisha kifaa kinachoikandamiza isirukeruke juu ya sitaha. Tarehe 3 Novemba 2014 F-35C ilitua kwenye USS Nimitz, pwani ya San Diego, na ikanasa waya. Wanaoitetea ndege hii wana haki ya kulitaja tukio hilo. Jaribio lilifanya kazi yake: likaonesha kosa, kosa likarekebishwa, hakuna aliyekufa.

Kiunzi cha F-35B kina hadithi ngumu zaidi. Mwaka 2004 iligundulika kwamba aina hiyo imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 1,300. Kwa ndege ya kawaida hilo lingekuwa tatizo. Kwa ndege inayotua wima ni msiba, kwa sababu wakati wa kutua mbawa hazibebi kitu na mzigo wote uko juu ya injini na pangaboi lililowekwa nyuma ya rubani. Wahandisi wakapunguza takriban kilo 1,200, gramu kwa gramu. Pale ambapo aina A ina viunzi vya titani, B ikapewa vya alumini, ambayo ni nyepesi lakini huchoka mapema. Mwaka 2010 gamba moja la ndege lilifungwa ardhini na kusukumwa na kuvutwa na mashine ili kuiga saa za kuruka. Lilitakiwa lihimili saa 16,000, yaani umri wa ndege mara mbili. Kwenye saa 1,500 hivi ufa ukaonekana kwenye kiunzi kikuu.

Hapa ndipo tarehe zinapouma. Kama ndege zilizoundwa zingekuwa tano, ungechora upya kiunzi, basi. Lakini kiwanda kilikuwa kinaendelea kutoa ndege zenye kiunzi kile kile, na kila moja ikabidi ipangiwe kurudi kwa mafundi kuongezewa uimara. Alipe nani? Kwa mafungu ya mwanzo, sehemu kubwa ililipwa na mnunuzi. Frank Kendall, aliyesimamia ununuzi wa silaha wa Pentagon, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba kuanza kuzalisha kabla ya majaribio kulikuwa ni ununuzi mbovu usiostahili kufanywa. Alikuwa ofisa wa serikali hiyo hiyo, wala hakusukumwa na husuda.

Moto uliowaka kwenye F-35 moja katika kambi ya anga ya Eglin, Florida, tarehe 23 Juni 2014, unaonesha jambo hilo kwa upande wa injini. Ndani ya F135, injini ya ndege hii, mapanga yanayozunguka huwa yanagusa kidogo utando wa ukuta wake, na hilo limekusudiwa ili hewa isivuje. Kwenye ndege ile, mzunguko mkali wa sekunde chache ulisababisha msuguano uliozidi kiasi; joto likafika nyuzi 1,000 hivi za Selisiasi mahali palipotarajiwa karibu nusu yake. Vikatokea vinyufa vidogo visivyoonekana. Ndege iliendelea kuruka kwa wiki kadhaa kabla ya sehemu hiyo ya injini kupasuka ikiwa inataka kupaa. Rubani alitoka salama. Ndege zote zilizokuwapo zikazuiwa kuruka, na maonesho ya Farnborough, Uingereza, yaliyofuata Julai, yakapita bila ya F-35. Suluhisho lilikuwa kuchimba mapema mfereji mwembamba kwenye ule utando, mapanga yasije yakauchimba yenyewe kwa joto.

Sasa upande wa pili, na una uzito. Majaribio yale yalipofungwa 2018 yalikuwa yamekusanya zaidi ya safari 9,200 na saa 17,000 za kuruka bila ya kupoteza ndege hata moja angani. Kwa ndege ya kivita ya injini moja, hilo si jambo dogo. Bei ya F-35A, ambayo kwa fungu la kwanza ilipindukia dola milioni 200, iliteremka chini ya milioni 80 katika makubaliano ya 2019, na isingeteremka hivyo bila ya kiwanda kuzalisha kwa wingi. Ajali zinazozunguka kwenye simu pia hazifanani. Ile F-35B ya Uingereza iliyotumbukia Mediterania Novemba 2021 ilipaa huku kifuniko kikiwa kimesahauliwa kwenye njia ya hewa ya injini. Hapo kosa ni la ukaguzi wa sitahani. Ya South Carolina ya Septemba 2018 ilitokana na bomba la mafuta lenye kasoro ndani ya injini. Anayezitia zote kapu moja hajachambua kitu.

Lakini bei ya kununua si gharama ya kumiliki. Ripoti ya 2023 ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilieleza kuwa kwa wastani ni kama asilimia 55 tu ya ndege zilizokuwa tayari kwa kazi. Sababu kubwa ilikuwa uhaba wa vipuri na karakana. Marekani pia haikujipatia tangu mwanzo haki kamili ya michoro na taarifa za kiufundi, hivyo fundi wa jeshi hukwama kwenye kazi ambayo angeiweza, akamsubiri mtengenezaji. Makisio ya kuzitunza ndege hizi kwa umri wao wote yamepita dola trilioni 1.5.

Hoja ya kwamba kusubiri nako kuna gharama ni ya kweli, na ushahidi wake una alama Unguja. Kabla ya Mapinduzi, Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, eneo ambalo leo lina kampasi ya chuo kikuu cha SUZA, cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kumpeleka mtu angani. Katika mradi ule, Januari 1961 walimrusha sokwe aitwaye Ham, na roketi ikaenda kwa nguvu kupita kiasi. Wahandisi walikataa kumpandisha mtu mpaka warushe nyingine tupu. Wakairusha Machi 24. Aprili 12 Yuri Gagarin wa Urusi akawatangulia angani. Walipoteza sifa ya kuwa wa kwanza kwa kung'ang'ania jaribio moja zaidi. Hata hivyo Mmarekani Alan Shepard aliruka Mei akarudi salama, na mwenzake John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Tunguu ikiwa miongoni mwa vituo vilivyopokea mawimbi yake, naye alirudi hai.

Kwa maoni yetu uamuzi wa wale wahandisi wa 1961 ulikuwa sahihi, na ule wa 2007, wa kununua F-35 kabla ya kumaliza kuijaribu, haukuwa. F-35 ni ndege nzuri iliyolipiwa kwa mpangilio mbaya. Serikali ya Zanzibar hainunui ndege za kivita, ulinzi ukiwa ni jambo la Muungano, lakini inanunua boti na mashine za hospitali. Maswali ni yale yale: jaribio la mwisho ni lini, na malipo ni lini? Kasoro ikigundulika baada ya kukabidhiwa, nani anagharimia? Fundi wetu atapewa michoro au ataambiwa asubiri mtu wa kampuni?

Marekani yenyewe haijaacha mtindo huo. Julai 2023 ilisitisha kupokea F-35 mpya, kwa sababu zilikuja na kompyuta mpya za TR-3 ambazo programu yake ilikuwa haijatengemaa. Kwa mwaka mzima ndege ziliendelea kutoka kiwandani na kuegeshwa. Zilipoanza kupokelewa Julai 2024, zilipokelewa na programu isiyokamilika, za kufundishia marubani na si za vita, na sehemu ya malipo ikazuiliwa mpaka kazi iishe.