Mkubwa wa kwetu anachekwa msibani tu?

Jana shifti ya usiku, tuko chumba cha mapumziko, jamaa wawili wanaangalia South Park, ile katuni ya Kimarekani ya kudhihaki watu, kwenye simu moja, mmoja alimpigia kura Trump na hafichi, mwingine hataki hata kumsikia, na wote wanacheka mpaka kahawa inawapalia. Ile ya Julai 2025, Trump kachorwa kitandani na shetani. Mimi nikajikuta nimegeuka kuangalia mlango.

Ikulu yao ilinuna, ikatoa tamko kwamba katuni hiyo imeshapitwa na wakati miaka 20 sasa, wiki mbili baadaye ikatoka episodi nyingine na yumo tena. Na hawachagui. 2005 walimchora Tom Cruise kajifungia kabatini na imani yake ya Scientology wakaianika yote.

Sasa njoo kwetu. Oktoba 2024 gazeti la The Citizen wameweka mtandaoni kakatuni kafupi tu, mama kafanana na Rais Samia anabadilisha chaneli na kila chaneli watu wanalilia ndugu zao waliopotea au kuuawa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakasimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi, kampuni yenye gazeti hilo, siku 30. Mnaijua hiyo.

Najua mtakachosema, huyu kapanda ndege juzi anajifanya mzungu. Sijifanyi, kuna vitu vya huku vinanichosha sana tu. Ila wewe unayesema mila zetu haziruhusu kumdhihaki mkubwa, mila ipi hiyo? Msiba wa babu yangu watani walikuja, mmoja kavaa koti la marehemu anatembea anachechemea kama yeye, mwingine kaingia kaburini kagoma kutoka mpaka apewe hela, na bibi ambaye siku mbili hajafungua mdomo akacheka. Hakuna aliyeitwa polisi! Utani tunao kuwazidi hawa, wenyewe mwanzo wa kila episodi wanaandika kwamba sauti za mastaa wameziiga vibaya, mtani wa kwetu asingekubali kuandika hivyo, angeiga mpaka kikohozi.

Ndo maana inaniuma. Vijana wetu wa komedi wanaiga wasanii, wachungaji, wasemaji wa Simba na Yanga, wako vizuri mno, ila ikifika kwa wale wa juu kabisa kimya.

Mdogo wangu yuko Mbagala, ana kipaji hicho. Juzi tunaongea kwa simu akaniigia sauti moja hivi, sekunde kama tano, nikacheka peke yangu kwenye paking mpaka machozi. Nikamwambia rudia nirekodi.

"Kaka, usirekodi."