Leipzig nasubiri fundi wiki tatu, Uyole tumemaliza kabla chai haijapoa

Watu wa nyumbani mnadhani sie tulio Ujerumani intaneti inamwagika tu kama mto Kiwira wakati wa masika. Mi niko Leipzig, jengo la kizamani, kuta nene balaa, rauta iko koridoni na chumbani napata kistari kimoja, nampigia mama video namuona kaganda mdomo wazi. Nikapigia kampuni, mziki weee, bonyeza moja bonyeza mbili, mwisho naambiwa fundi atakuja baada ya wiki tatu, niwepo nyumbani kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 6. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa. Hakuja.

Desemba nikashuka nyumbani Uyole, Mbeya, nikakuta kilio kilekile, mjomba anatukana mtandao kutwa. Nikasimama na simu sebuleni pembeni ya rauta nikapima spidi: Mbps 30. Jikoni 11. Chumba cha nyuma kwa mama, 2. Sasa hapo mtandao una kosa gani, ni kuta tatu za tofali za kuchoma na friji limekaa katikati! Ila intaneti ingekua mbovu hata pale sebuleni nisingehangaika, maana rauta ya pili haileti intaneti mpya, inasambaza tu iliyopo.

Mjomba alitaka kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachorefusha wifi. Kinasaidia kiasi, ila vingi vinapokea na kurusha kwa hewa ileile, spidi inakatika karibu nusu. Dogo wa shangazi akasema bro kuna rauta ya zamani kabatini, akaenda sokoni Mwanjelwa akarudi na waya wa mita 20 (unaweza vuta hadi mita 100), akapanda juu ya silingi bodi, akashuka na utando wa buibui mpaka kwenye nyusi. Ndaga fijo (asante sana) mdogo wangu.

Wengi wanaharibu hapa, wanachomeka tu, kumbe rauta zote mbili anwani yake ni 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani kwa simu zenu, lazima zigombane. Ile ya pili tukaipa 192.168.1.2, tukazima DHCP (ndo hiyo kazi ya kugawa anwani), waya ukatoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) huku ukaingia LAN kule, sio lile tundu la WAN la kuingizia intaneti, lenye rangi yake. Jina na paswedi ya wifi vilevile, chaneli (njia ya hewani ya kila rauta) tukaweka 1 na 11 zisiingiliane. Kwa mama ikasoma 27.

Umeme ukikatika zote zinazima, hapo Wajerumani wametushinda sibishi. Lakini huku nyumba ya kupanga, kutoboa tu katundu ka waya naandika barua kwa mwenye nyumba na jibu sijaliona hadi leo, af mnasema Ulaya mambo yanaenda haraka.

Juzi mama kanipigia toka chumba cha nyuma, picha safi kabisa, ananiuliza mwanangu mbona we ndo umeganda?