Bure sio huria, na simulesheni haihitaji programu ya wizi

Juzi kijana mmoja anayeanza shahada ya pili kanifuata na swali, na kilichonikera sio swali lake bali jibu alilopewa kabla hajafika kwangu. Anatafuta programu ya bure ya kufanyia simulesheni ya atomu na chembe, yaani kuziiga kwa kompyuta, akaambiwa za bure ni za kuchezea tu, kazi ya maana inataka programu ya kulipia, na kama hela hana atafute iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipiwa. Yaani mtu mzima anamwanzishia mwanafunzi utafiti kwa wizi! Nimelala na hasira.

Kwanza hilo swali linataka kupasuliwa. Ukitaka kuona maelfu ya atomu zinavyosukumana ndani ya chuma au maji, hatua kwa hatua, femtosekunde moja moja (kipande kidogo mno cha sekunde), kuna LAMMPS iliyotoka maabara ya Sandia, na GROMACS wanaoipenda sana watu wa protini. Ukitaka kujua elektroni zinavyokaa kwenye fuwele, Quantum ESPRESSO. Nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia, OpenMC iliyoanzia chuo cha MIT. Na chembe zinazopita kwenye maada zikagonga na kuzaa nyingine, hapo Geant4. Zote huria, hulipi hata senti.

Na hilo neno "za kuchezea" nalikataa kabisa. Geant4 ilitoka toleo lake la kwanza mwaka 1998, na ndiyo ambayo vikundi vya ATLAS na CMS pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, wanaitumia kuiga vigunduzi vyao, haohao waliotangaza chembe ya Higgs mwaka 2012. Watu wa tiba ya mionzi wana GATE, nayo imejengwa juu ya Geant4 hiyohiyo. Kama inawatosha hao, mwanafunzi anaambiwaje haimtoshi?

Sasa hapa ndo pananigusa zaidi. Kwenye Kiswahili tumebahatika kuwa na maneno mawili, bure na huria, halafu tunayachanganya. SRIM kwa mfano ni ya bure, ukitaka kujua ioni itaingia umbali gani kwenye shabaha inakujibu haraka na mi mwenyewe naitumia, ila ndani yake huoni, unapokea namba unashukuru. Huria ni kitu kingine, msimbo wa programu uko wazi, unausoma na kuubadilisha. Kuna kipindi nilikuwa napitisha elektroni kwenye kipande cha silikoni cha mikromita 20 tu, na nishati inayobaki mle ndani ikawa inazidi ile tuliyopima, wiki nzima nahangaika naona kifaa ndo kibovu. Nikafungua msimbo wa Geant4 nikafuata mstari kwa mstari, kumbe kuna kikomo cha kuzalisha chembe ambacho usipokigusa ni milimita 0.7, maana yake elektroni yenye nishati ndogo ambayo isingefika umbali huo haizaliwi kabisa, nishati yake inamwagwa palepale njiani, wakati kwenye kipande chembamba vile nyingi zingetoka nje zikaenda zake. Nikashusha kikomo, namba zikakaa sawa. Sasa niambie, kwenye programu iliyokrakiwa ningefungua nini? Na kwenye makala ningeandika nimeipata wapi?

MCNP ya maabara ya Los Alamos, nayo ya kuiga nyutroni na chembe nyingine, ni nzuri na ina heshima yake, hilo sibishi, ila kuipata ni maombi na vibali vya Marekani, sio kitu cha kumpa mtu anayetaka kuanza wiki hii.

Haya, nakubali pia, shingo upande, kwamba Geant4 haimpokei mgeni vizuri. Unaandika C++, kuijenga kwenye laptopu kunakula masaa, faili za data ukizisahau inagoma, na kuchagua orodha ya fizikia, yaani kanuni za chembe unazoiambia ifuate, kunamchanganya hata mzoefu. Wengi wanaikimbia hapo na siwalaumu. Ila ugumu wa siku tatu za mwanzo sio sababu ya kumwambia mtu programu haifai.

Kijana nimemwambia aanze na mfano wa B1 unaokuja na Geant4 yenyewe, mwale wa gamma wenye nishati ya MeV 6 unaingia kwenye maji yenye kipande cha tishu na cha mfupa, programu inahesabu dozi ya mionzi. Aiendeshe hivyohivyo kwanza. Halafu abadilishe gamma iwe protoni, apandishe nishati kidogokidogo, aniletee grafu tukae tuangalie protoni inasimama wapi.