Moto umekuja, moto haupo

Huku kwetu Bukavu umeme tunauita moto. Ukisikia "moto umeenda" usikimbilie ndoo ya maji, ni giza tu limeingia. Na ukirudi, hata iwe saa nane za usiku, mlima mzima wa Kadutu unaitika kwa sauti za watoto: "Motooo!" Hapo utaona wazee wenye presha wakiruka kitandani kama vijana wa karate. Huyu anachomeka simu tano, yule anapiga pasi suruali ya Jumatatu na leo ni Alhamisi. Zamani nami nilikuwa wa simu na pasi. Siku hizi mimi ni wa furu.

Furu ndiyo oveni, nyie wa pwani. Yangu ni okazyo ya Ulaya, yaani mtumba. Shemeji yangu anayekaa Liège, Ubelgiji, aliitia kwenye kontena pamoja na magodoro na baiskeli isiyo na tandiko, ikavuka bahari, ikapanda milima, ikanifikia nzima, hata kioo hakikupata ufa. Mama watoto akaifunika kitambaa cha maua. Mgeni akija, kitambaa kinaondolewa, mgeni anasema "ehee!", kitambaa kinarudishwa. Hayo ndiyo mapishi yake kwa miezi minne.

Sasa binti yetu akafikia komunyo ya kwanza. Mama watoto akatangaza: "Mwaka huu gato hatununui. Tuna furu." Gato ndiyo keki.

Ijumaa usiku moto ukaja. Nikazungusha kinobu hadi 180, taa ya ndani ikawaka, nikasimama mikono kiunoni kama aliyeigundua. Baada ya dakika ishirini nikatia mkono ndani. Baridi! Baridi ya mlima Kahuzi alfajiri, ile ya kuvaa makoti mawili. Moto upo, taa inawaka, na moto haupo. Pale juu kwenye kioo cheusi tarakimu nyekundu zilikuwa zinanikonyeza: 0:00. 0:00. 0:00. Sikuzijali. Saa ninayo mkononi, ya furu ya nini?

Jumamosi nikamwita fundi wa avenyi yetu. Hakuuliza kitu. Aliinama, akagusa mlango, akasimama na uso wa msibani.

"Papa, resistansi imekufa."

Resistansi ndiyo ile nondo iliyopindwa inayopaswa kuwa nyekundu. Akafungua mgongo wa furu, skrubu kumi na nne, nilizihesabu. Ndani tukamkuta mende mkavu, mrefu, wa rangi nisiyoizoea. Huyo ni wa Liège, ameingia Kongo bila viza. Fundi akaweka kipimo chake kwenye ncha mbili za nondo: 24. Akakitikisa kipimo, akapuliza ncha, akapima tena: 24. Akakaa kimya kidogo.

"Papa, resistansi ni nzima."

Nikashangilia, naye akanidai pesa ileile ambayo ningemlipa kama ingekuwa imekufa. Eti habari njema nayo ni kazi. Kisha akasema labda ni termosta, kile kinachopima joto, na termosta hiyo mpaka iagizwe Dubai. Akafunga. Skrubu zilizorudi ni kumi na mbili. Mbili nilizikuta jioni kwenye sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, na bado sijui zilifikaje.

Nikampigia shemeji. Kwa heshima, maana ni kaka wa mke na furu ni yake kwa asili.

"Shemeji, umeichomoa ukasubiri dakika kumi?"

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kuchomoa! Huku wanatuchomolea, bure, saa kumi na nne kwa mkupuo, mji mzima. Kama kuchomoa ni dawa, furu yangu ingekuwa na afya kuliko zote Afrika.

"Sawa. Saa yake inaonyesha ngapi?"

"Sifuri."

Kimya. Nikadhani vocha imeisha.

"Shemeji, hiyo furu haiwaki mpaka uiambie saa."

Basi nikaelezwa. Furu hii ina kisaa kinachoweza kuiwasha na kuizima yenyewe, ili mama wa kule aache kuku ndani, aende kazini, arudi akute ameiva. Moto ukikatika, kisaa kinasahau kila kitu, na kwa kuwa hakijui kama ni wakati wa kupika au wa kulala, kinafunga njia ya umeme kwenda kwenye resistansi. Taa inawaka, nondo inalala. Mpaka uje uirekebishe saa. Kwa mtu wa Liège si shida, moto wake ukikatika dakika tano anapiga simu redioni. Lakini mimi? Mimi ningeajiri mtu wa kuiambia saa!

Kijitabu chake kipo. Kiholanzi, Kijerumani na Kipolandi. Wabelgiji walikaa hapa miaka mingi, wakashindwa hata kutuachia ukurasa mmoja wa Kifaransa.

Jumapili alfajiri: "Motooo!" Nikafika jikoni na bukta. Shemeji alisema: bonyeza vitufe viwili kwa pamoja, hesabu tatu, nukta ikianza kukonyeza, panga saa. Nikabonyeza. Kikatokea kifunguo kidogo, nami nikadhani ni baraka. Kumbe ni kufuli la watoto, nimejifungia nje ya furu yangu. Kijana wangu wa mwisho, wa miaka saba, akakifungua kwa kidole kimoja huku anapiga miayo.

"Mama, ni saa ngapi?" nikamwuliza mama yangu mzazi, ambaye haihitaji saa, anasikiliza jogoo.

"Kumi na moja."

Nikaandika 11:00. Tarakimu zikaacha kukonyeza, nondo ikaanza kunukia vumbi, ikawa nyekundu. Mama watoto akapiga kigelegele. Binti akanivuta shati: "Papa, kwa saa ya furu sasa ni saa tano asubuhi, misa imepita." Ndipo nikaelewa. Furu haijali saa ipi! Iandikie uongo wowote, itakubali. Ni kama yule wa dirishani ofisini, anakurudisha nyumbani ukalete karatasi, ukiileta haisomi, anaigonga muhuri.

Gato ikaingia. Nusu saa, nyeupe. Saa nzima, nyeupe, imevimba kidogo upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Nikaangalia kile kisanduku chenye sindano kinacholinda televisheni. Badala ya 220, sindano imelala kwenye 160. Kijana wangu mkubwa, anayesomea umeme, akaleta kalamu bila kuombwa: nguvu inafuata mraba wa volti, Papa, kwa hiyo nondo ya wati 2,000 leo inatoa 1,060 hivi. Nilimshukuru. Hakuna raha kama kuhesabiwa njaa yako kwa usahihi.

Na hapo moto ukaenda.

Ukisimama mlangoni kwangu unaliona ziwa Kivu, na kule mwisho wake ndiko mto Ruzizi unakotokea na kushuka. Mabwawa ya umeme yako pale pale: la kwanza la tangu miaka ya 1950, la pili la 1989 tunalogawana na Warwanda na Warundi. Umeme unazaliwa pua na mdomo na kitanda changu, na bado unapotea njia. Nikaanza kulaani. Mama watoto, bila kuinua macho, akasema: "Chupa." Ni kweli, mvua ikinyesha taka za milima hii zinateremka ziwani, ziwa linazisukuma Ruzizi, chupa za plastiki zinaziba mitambo. Nikakumbuka chupa nne za juisi nilizozitupa mtaroni Jumanne. Nikaacha kulaani.

Gato ikamaliziwa kwenye mbabula, jiko la makala, nyie mnasema makaa: sufuria, mchanga chini, makala chini, makala juu ya kifuniko. Dakika thelathini na tano. Mbabula haikuuliza saa. Wageni walisema ina ladha ya moshi, wakaongeza vipande.

Furu imerudi chini ya kitambaa cha maua. Ndani tunaweka mikate, panya hawaingii. Nimeapa mbele ya mama watoto kwamba siigusi tena.

Jana usiku: "Motooo!" Nikajikuta jikoni gizani, bukta, vidole viwili kwenye vitufe viwili. Moja. Mbili. Ta